Nguo za kushindia, nguo za kutokea: kisa cha Celine ya 2018

Usiku wa Ijumaa, tarehe 28 Septemba 2018, mbunifu Hedi Slimane alionyesha mkusanyiko wake wa kwanza kwa nyumba ya mitindo ya Celine. Ilikuwa Paris, jirani na Les Invalides, penye kuba la dhahabu alimozikwa Napoleon. Yalipita mavazi 96. Wanawake walitoka na magauni mafupi yanayokomea katikati ya paja, mengine yamevimbishwa kama puto, mengine yamefungwa mafundo makubwa ya utepe, sekwini zinametameta, jaketi la ngozi juu, kikofia chenye wavu mwembamba usoni. Wanaume, ambao nyumba hiyo ilikuwa haijapata kuwashonea, walitoka na suti za kubana, tai nyembamba na miwani myeusi.

Aliyekuwa akifuatilia kazi za Slimane hakuona cha kushangaza. Walioshangaa ni wanawake waliokuwa wakivaa Céline kwa miaka tisa iliyotangulia, na hasira yao ikajaa magazetini na mitandaoni.

Nimeurudia mkanda wa onyesho lile mara nyingi tangu mwaka ule, nikiusimamisha vazi kwa vazi, kwa sababu naamini lawama nyingi zilizotolewa zililenga kando. Walisema kosa la Slimane ni kubadilisha. Mbunifu mpya asiyebadilisha kitu ana kazi gani? Walisema anajirudia. Ni kweli anajirudia, lakini waliomwajiri walijua hivyo na ndiyo maana walimtaka. Kwangu mimi kosa liko kwingine. Sisi tunatofautisha nguo za kushindia na nguo za kutokea, na nyumba hii ilikuwa imejenga jina lake lote kwa kumpa mwanamke nguo za kushindia zenye heshima ya nguo za kutokea. Usiku ule akapewa za kutokea tupu, na jina lililoko kwenye lebo likabaki lilelile, au tuseme karibu lilelile.

Tuanzie nyuma kidogo. Nyumba hii ilianza mwaka 1945, pale Céline Vipiana na mumewe Richard walipofungua duka la viatu vya watoto mjini Paris. Mavazi ya wanawake yalikuja baadaye. LVMH, kampuni kubwa ya Ufaransa inayomiliki majina mengi ya kifahari, waliinunua mwaka 1996, mbunifu Michael Kors akaichorea kuanzia 1997 hadi 2004, kisha ikayumba bila mwelekeo wa kueleweka. Mwaka 2008 akaja Phoebe Philo, mbunifu Mwingereza aliyekuwa ameiongoza nyumba nyingine ya mitindo, Chloé, akakubaliwa kufanyia kazi zake London badala ya Paris. Onyesho lake la kwanza lilikuwa Oktoba 2009.

Ninalo koti moja la wakati wa Philo, la sufu ya bluu iliyokolea, lililonifikia likiwa limeshavaliwa na mwingine. Nashona, kwa hiyo siku ya kwanza nililipindua nje ndani kabla sijalijaribu mwilini. Mifuko yake imefichwa kwenye mshono wa ubavu, na imeshushwa vya kutosha mkono ulale bila kiwiko kutokeza nje. Makoti mengi ya wanawake yana mfuko ulioshonwa juu mno, kwa ajili ya picha, ukitia mkono unaonekana kama umeshika kiuno. Kitambaa cha ndani ya mfuko hakikukatwa kwenye bitana ya hariri kama wanavyofanya wengi. Ni pamba nzito, maana bitana ikibebeshwa funguo hutoboka msimu wa kwanza. Mshono wa bega umesogezwa nyuma kidogo ili usionekane kwa mbele, na hapo ndipo linapotoka lile umbo la bega linaloteremka bila kona. Pindo la chini limeachiwa upana wa vidole vinne. Uzito huo ndio unaolifanya koti lianguke moja kwa moja hata upepo ukivuma. Nje halina neno wala nembo. Ukiketi halikupandi shingoni, ukisimama huna haja ya kulivutavuta.

Aliyeamua mfuko ukae pale alikuwa akimfikiria mtu mwenye funguo, simu, na mkono unaohisi baridi saa moja asubuhi. Hilo peke yake linaeleza kwa nini wanawake wale walikasirika kuliko maelezo marefu yaliyoandikwa kuhusu uchache wa mapambo na weledi wa rangi. Philo alikuwa amewakusudia. Katika mkusanyiko wa kiangazi cha 2013 aliwapa ndara za bapa zenye manyoya ndani, zikachekwa, kisha zikaigwa na kila mtu. Mwaka 2015 kwenye tangazo lake alimweka mwandishi Joan Didion, mwenye umri wa miaka 80, na miwani yake myeusi, bila kumpunguzia hata kunyanzi moja. Mwenyewe alijitokeza mwisho wa maonyesho yake kwa sweta na raba. Ujumbe ulikuwa wazi kwamba anayechora na anayevaa ni watu wa aina moja, wanaotoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni.

Simfanyi malaika. Misimu yake ya mwisho ilikuwa na suruali zinazoburura na mikono ya koti inayomeza vidole, nguo ambazo hata mwenye duka la vitabu asiyekwenda popote angezikunja. Bei zake ziliwafungia nje wengi wa wale aliokuwa akiwafikiria. Aliondoka mwishoni mwa 2017, akiwa bado anapendwa kiasi ambacho wabunifu wachache wamepata kupendwa.

Mwezi mmoja baadaye, Januari 2018, LVMH wakamtangaza Slimane. Huyu si mtu wa kubahatisha. Akiwa Dior Homme, tawi la mavazi ya wanaume la Dior, kati ya 2000 na 2007, aliipunguza suti ya mwanamume ikawa kama mstari wa kalamu. Mbunifu Karl Lagerfeld alipunguza kilo 42 akisema anataka kuvaa nguo zile. Alipokwenda Yves Saint Laurent mwaka 2012 aliliondoa neno Yves kwenye lebo za nguo, akakosolewa vikali, na mauzo yakapanda kutoka euro milioni 353 mwaka 2011 hadi milioni 974 mwaka 2015. Mwenye hesabu zake hawezi kuzipita namba hizo akafumba macho. Bernard Arnault, mkuu wa LVMH, alisema Januari ile kwamba anaitaka Celine ifikie mauzo ya euro bilioni 2 hadi 3 ndani ya miaka mitano, wakati huo ikiwa inakaribia bilioni 1.

Kisa hiki kilianza kwenye maagizo hayo, miezi minane kabla mwanamitindo wa kwanza hajatia mguu jukwaani. Ukimwita fundi anayejua kushona magauni ya sherehe, ukamwambia mauzo yaongezeke mara mbili au tatu, utapata magauni ya sherehe mengi. Slimane alifanya alichoitiwa.

Tarehe 2 Septemba, wiki chache kabla ya onyesho, akaunti ya nyumba hiyo kwenye Instagram ilifutwa picha zote za zamani. Ikatokea nembo mpya, Celine, ikiwa haina ile alama juu ya E ya kwanza. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba nembo za miaka ya 1960 mara nyingi hazikuwa nayo, na kwamba herufi sasa zinakaa kwa uwiano mzuri zaidi. Kwa jicho la mchora herufi ni kweli, neno limetulia. Lakini Céline ni jina la mtu. Ni jina la mwanamke aliyefungua duka la viatu vya watoto, na kwa Kifaransa alama ile ndiyo inayoonyesha jina linavyotamkwa. Kati ya yote yaliyotokea mwezi ule, kufutwa kwa picha ndiko kunakoniuma zaidi. Nembo hubadilishwa, si neno geni. Kufuta kumbukumbu ya kazi ya miaka tisa, ya mwanamke na timu nzima ya mafundi ambao wengine wao walikuwa bado wako mezani mle mle, ni kukosa adabu kwa waliokutangulia.

Sasa turudi jukwaani, kwenye magauni yenyewe, maana watu wengi waliyakataa bila kuyaangalia.

Gauni la umbo la puto halijisimamii lenyewe. Kitambaa cha nje hukatwa kirefu kuliko bitana, kikakusanywa kwa mikunjo midogo midogo hadi kitoshe kwenye pindo la bitana, kisha hujirudi juu na kuvimba. Mikunjo ikipishana hata kidogo, puto linakaa upande. Mara nyingi ndani huongezwa wavu mgumu ili uvimbe usilale. Ni kazi ya mikono yenye subira, na kwenye mkanda ule sikuona puto lililokaa upande. Sekwini zilikuwa zimefuata mwelekeo mmoja wa kitambaa, hazikugongana kwenye mshono. Mtu akiniambia mkusanyiko ule ulishonwa ovyo nitambishia mpaka kesho.

Lakini nilijaribu kufanya jambo dogo. Kila gauni lililopita nilijiuliza mwanamke yule akae wapi, ashike nini, apande ngazi vipi. Puto ukilikalia linabonyea na halirudi lilivyokuwa mpaka lipigwe mvuke. Fundo la kifuani linazuia mkanda wa mkoba usikae begani. Paja likiwa wazi na viatu vikiwa virefu, ngazi zinapandwa kwa mkono mmoja umeshika pindo. Simu haina pa kukaa. Nguo hizi zinamtaka mtu mwingine amfungulie mlango, amshikie begi, amrudishe kwa gari. Zina saa zake, na saa hizo ni kuanzia tatu usiku. Kwa msichana wa miaka ishirini anayekwenda dansi ni sawa kabisa, na wale waandishi waliowabeza wasichana hao ili kumkomoa Slimane walinichefua. Kwenda dansi na gauni zuri si dhambi wala si ujinga. Tatizo ni kwamba nilihesabu mavazi ya mwanamke mwenye kazi ya kufanya mchana, na vidole vya mkono mmoja vilibaki.

Isipokuwa suti. Hapa ndipo mkusanyiko ule unapotajirika, na sijaona watu wengi wakisema. Suti za Slimane ni kazi ya bingwa. Kola yake inalala shingoni bila kuacha mwanya, kwapa limepandishwa juu ili mkono uinuke bila koti zima kufuata, suruali inashuka bila kuvunjika kifundoni. Na nyumba ilitangaza kwamba zile suti na makoti ya wanaume yatauzwa kwa wanawake pia, mkato uleule. Kwa maneno mengine nguo za kushindia za mwanamke zilikuwepo usiku ule, koti la sufu lenye mifuko, suruali, shati, viatu vya bapa. Zilikuwa zimevaliwa na wanaume. Wanawake wenyewe walivishwa mapambo. Siamini alikusudia kumdharau mtu, nafikiri ndivyo jicho lake linavyomwona mwanamke tangu zamani, kama mtu anayekutana naye usiku. Lakini ukilichukua jicho hilo ukalipeleka kwenye nyumba ya Vipiana na Philo, utapata kile tulichokipata.

Majibu yalikuwa makali, hasa kutoka New York na London. Akaunti iliyojiita @oldceline ikaanza kukusanya zile picha zilizofutwa, ikapata maelfu kwa maelfu ya wafuasi, na mikoba na makoti ya zama za Philo yakaanza kusakwa kwenye masoko ya mitumba ya kifahari kama mali ya marehemu. Slimane alijibu kupitia mahojiano kwamba sehemu ya ukali huo inatokana na yeye kuwa mwanamume aliyerithi kiti cha mwanamke. Nimelipima neno hilo kwa haki. Lina ukweli ndani yake, kwa maana hakuna aliyemfanyia mwanamke anayerithi kiti cha mwanamume kelele za namna ile. Ila halimtoi. Mteja akilalamika kwamba koti halina mfuko, hamlaumu fundi kwa jinsia yake.

Kisha tarehe 1 Machi 2019, miezi mitano tu baadaye, mwanamitindo wa kwanza wa mkusanyiko uliofuata akashuka kutoka juu ndani ya sanduku linalong'aa. Amevaa sketi ya kupita goti, buti ndefu, koti la suti. Wakafuata wengine na sketi za suruali, blauzi za hariri zilizofungwa shingoni, makoti mazito, majoho, miwani mikubwa. Slimane alikuwa amefungua makabati ya nyumba na kurudi miaka ya 1970 ya Vipiana mwenyewe. Mapaja yamefunikwa, viatu vinatembeka, mikono iko mifukoni. Hakuomba radhi wala hakueleza. Alikata nguo nyingine.

Mkusanyiko huo wa Machi unastahili sifa zaidi kuliko ulivyopewa, na naupenda. Lakini uangalie kwa makini. Kila mwanamke mle ndani ni yuleyule, mke wa nyumba tajiri ya Paris kwenye picha ya zamani, na vazi limeshakamilika kabla hajalivaa. Kwenye koti la Philo unaweza kuingia wewe na mwili wako, likakupwaya pale unapotaka likupwaye. Kwenye vazi lile la Machi unaingia kwenye picha ya mtu mwingine. Ni nguo za kushindia, ndiyo, ila za mtu aliyeshinda mahali pengine, miaka mingine.

Biashara ilikwenda vizuri. Yakaja manukato, mavazi ya wanaume yakapanuka, ile nembo ya Triomphe ya miaka ya 1970 ikatapakaa kwenye mikoba na mikanda. LVMH hawatangazi mauzo ya Celine peke yake, lakini wachambuzi wa soko waliikadiria kupita euro bilioni 2 kabla Slimane hajaondoka Oktoba 2024. Watetezi wake hulitumia jambo hilo kufunga mjadala. Mimi linanifungulia swali. Kama nguo za Slimane zina soko kubwa hivyo kwa nguvu zake mwenyewe, na naamini zinalo, kwa nini hawakumfungulia nyumba yenye jina la Slimane? Mtaji upo, maduka yapo, mafundi wapo. Walilihitaji jina la Céline kwa sababu lilikuwa na kitu ambacho hakinunuliwi, imani ya wale wanawake wa saa moja asubuhi, waliokwisha kujaribu mifuko na pindo na kuona havijawaangusha. Imani hiyo ilichukuliwa ikatumika kama mtaji wa kuuzia watu wengine vitu vingine. Wenyewe hawakuulizwa. Ndiyo maana ghadhabu ile ilisikika kama ya mtu aliyetapeliwa, wakati mwingine kupita kiasi, na watu wa biashara hawakuielewa hata kidogo.

Baadhi yao walimfuata Philo alipofungua nyumba yenye jina lake, Oktoba 2023, akiuza kupitia mtandao kwa bei ambazo hata zile za Céline zinaonekana za huruma.

Na nafasi ya Slimane ikachukuliwa na Michael Rider, Mmarekani aliyefanya kazi mle mle ndani chini ya Philo kwa karibu miaka kumi kabla ya kwenda Ralph Lauren. Onyesho lake la kwanza, tarehe 6 Julai 2025, lilifanyika kwenye makao ya nyumba hiyo mtaa wa Vivienne, chini ya skafu kubwa ya hariri iliyotandazwa juu ya ua. Nilikaa kulitazama nikiwa na wasiwasi wa kuona tena picha zimefutwa. Badala yake nikaona suruali nyembamba za Slimane zimevaliwa chini ya makoti mapana ambayo Philo angeyatambua, dhahabu za miaka ya 1970 shingoni, na ule mkoba wa Luggage wa zama za Philo umerudi, zipu yake ya mbele imepindwa ikawa kama tabasamu. Hakumfukuza mtu. Kuna vazi moja la koti jeusi lenye mabega makubwa ambapo nilisimamisha mkanda nikatazama mkono wa mwanamitindo unavyoingia mfukoni; kiwiko hakikutokeza. Bado ni mapema kumhukumu, mikusanyiko michache haijatosha, na mabega yale mengine yamezidi kwa ladha yangu.

Alama ya juu ya E hakuirudisha.

Bitana ya koti langu ilichanika kwapani majira ya baridi yaliyopita, nikaifumua yote na kukata nyingine. Mifuko sikuigusa, haikuwa na hata uzi mmoja uliolegea. Lebo niliibandua kwa ncha ya mkasi, nikaiweka kando kwenye kisahani ili isipotee, na kazi ilipoisha nikaishona tena mahali pake kwa mkono, nukta nane kila upande.